Maziwa ya Nasieku

Kuna harufu moja ambayo ikinifikia hunikasirisha kwanza, ndipo mambo mengine yafuate. Ni harufu ya maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijiti cha moto. Wenzangu mliokulia mbugani mnaijua: ina moshi, ina samli, na kwa mbali kuna uchungu kidogo kama wa gome la mti. Mwezi uliopita nilikwenda Mikumi kumwona binti yangu, tukapita mnadani kutafuta kuku. Mama mmoja wa Kimasai alikuwa amekaa chini kando ya wauza nyanya, akafungua kibuyu amimine kwenye chupa ya mteja. Nilisimama palepale.

"Mama, unaumwa?" binti yangu akaniuliza.

Nikamwambia siumwi. Nilikuwa nimekasirika, na nisingeweza kumweleza katikati ya mnada ni nani wamenikasirisha, kwa sababu karibu wote wameshafariki, na aliyebaki ni mimi mwenyewe. Nikasema nikirudi nyumbani nitaandika.

Tulikuwa tunakaa bondeni, upande wa juu wa Tindiga, mahali mto ulipopinda na kuacha udongo mzuri. Baba alipanda migomba, Mama akawa na bustani yake ya bamia na mchicha. Majirani walikuwa mbali kidogo, wa kuitana kwa sauti. Kila mwaka Baba alikwenda kukata miwa huko Ruaha, kando ya Kidodi, na mwaka ninaousema alikuwa ameshaondoka, akamwacha Mama na mimi na mdogo wangu Zakaria aliyekuwa na wiki tatu tu. Mimi ni Tabitha. Nilikuwa na miaka tisa hivi.

Habari za kuhamia kijiji cha ujamaa nilizisikia watu wazima wakizizungumza, nami nikazifurahia. Nilijua neno jamaa. Nilijua jamaa zetu walikuwa Mamboya, bibi yangu mzaa mama na watoto wa mjomba, na sikuwa nimewaona tangu nikiwa mdogo sana. Kwa hiyo nikaelewa hivi: serikali imejenga kijiji, na imewakusanya jamaa zetu wote humo, na sasa inakuja kutuchukua sisi tuungane nao. Nilimfungia bibi mafenesi mawili madogo. Mama aliniona nikiyafunga hakuniuliza kitu, na leo najua kwa nini hakuniuliza. Alikuwa hana nguvu ya kunieleza.

Walikuja vijana wanne wa mgambo na balozi wa nyumba kumi. Walikuwa na adabu. Walisimama nje wakavua kofia, wakasema, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, "Marahaba, wanangu." Wakauliza habari za mtoto mchanga, wakajibiwa. Kisha wawili wakapanda juu ya nyumba wakaanza kuezua nyasi, na Mama akiwa bado ndani anakusanya vyombo. Vumbi la paa lilimwangukia Zakaria usoni. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeona watu wakifanyiana mabaya kwa matusi na kwa mapanga, lakini kilichonibaki moyoni ni ile shikamoo. Mtu akupe heshima yako yote, uipokee, halafu akubomolee nyumba.

Lori la serikali lilitushusha mbugani, kwenye udongo mweusi uliopasuka kwa jua. Hapakuwa na mti hata mmoja. Palikuwa na mistari ya vijiti vilivyochomekwa ardhini, kila kijiti na namba yake, na tukaambiwa namba yetu ndiyo nyumba yetu. Nilizunguka na mafenesi yangu kutoka kijiti hadi kijiti nikimtafuta bibi. Niliwakuta watu wamekaa juu ya magodoro yao juani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa jamaa yetu.

Mama alijenga kibanda kwa mikono yake, kwa miti michache tuliyokuja nayo na nyasi tulizokata mimi na yeye. Sitasema serikali ilikuwa na nia mbaya. Baadaye kijiji kile kilipata shule, na mimi nilisoma humo, na hizi herufi ninazoandika nilizipata pale. Lakini mwanamke aliyetoka kujifungua hajengi nyumba peke yake juani bila kulipa. Wiki ya pili Mama alishikwa na homa. Ilimlaza siku kumi. Ilipomwachia, alikuwa amebaki mifupa, na maziwa yake yalikuwa yamekauka kabisa.

Wakristo tulikuwa wachache katika kijiji kile, nyumba saba au nane, waliobaki wengi walikuwa Waislamu. Tulikuwa na Mwinjilisti wetu, jina lake Eliya, mtu mrefu mwenye baiskeli na sauti nzuri ya kuimbisha. Niseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya, ili nisije nikasahau kulisema baadaye. Alikuja kumwona Mama. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamwekea mkono kichwani, akaomba sala ndefu. Akamwambia, "Mama Tabitha, usiogope. Mungu atamtunza mtoto huyu." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Mimi nilimwamini, na kwa kuwa nilimwamini, nilikwenda kukaa njiani. Nilijua kwamba mtu akisema kitu kitakuja, kitakuja kwa njia. Nilikaa pale mchana kutwa nikiangalia upande ule Mwinjilisti alioelekea, nikisubiri hicho alichosema Mungu atatuma. Nyumbani Zakaria alikuwa analia kwa sauti iliyokuwa inapungua kila siku. Tulimpa uji mwepesi wa ule unga wa njano wa msaada, akaharisha. Zahanati ya kijiji ilikuwa bado ni maneno ya kwenye mikutano. Hospitali ilikuwa Kilosa mjini, na Mama hakuweza kutembea hata mpaka kisimani.

Jirani yetu wa kijiti kilichofuata alikuwa mwanamke wa Kiislamu, Bi Mwanahawa, mjane. Alikuja asubuhi moja, akamchukua Zakaria, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama.

"Mama Tabitha," akasema, "huyu anakufa. Ng'ambo ya korongo kuna Wamasai wana ng'ombe. Kwa nini hujatuma mtu?"

Mama akasema kina mama wa kanisani walimwambia maziwa ya watu wale si ya kumpa mtoto aliyetolewa kwa Mungu. Walisema Wamasai huyaombea kwenye miti.

Bi Mwanahawa akamrudishia mtoto. "Mtoto hajui dini ya ng'ombe," akasema. "Tabitha, chukua kikombe, twende."

Tulivuka korongo lililokuwa limekauka, tukatembea kidogo, tukafika kwenye boma la miiba. Mwanamke mmoja alikuwa anakamua. Ndiye aliyekuwa Nasieku. Wakati ule nilimwona mzee, lakini nadhani hakuwa amefika miaka thelathini na mitano. Bi Mwanahawa alimwamkia kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Mimi nikasema, "Shikamoo." Hakuitikia marahaba. Alinisogelea, akanitazama, akasubiri. Bi Mwanahawa akanisukuma shingo kidogo niinamishe kichwa, na yule mwanamke akaniwekea kiganja chake juu ya utosi.

Nilishangaa sana. Katika maisha yangu yote niliwajua watu wa aina moja tu wanaowawekea wengine mikono kichwani, nao walikuwa wachungaji na wainjilisti, na huwa wanafanya hivyo wakileta baraka. Kwa hiyo nikajua huyu ni mchungaji. Nikajua ndiye yule niliyekuwa namsubiri njiani, isipokuwa nilikuwa nimekaa kwenye njia isiyo yake. Hakuna aliyeniambia kwamba Wamasai huwasalimia hivyo watoto wote. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mkubwa, na mpaka leo sioni kama nilikosea sana.

"Mtoto miezi ngapi?" Nasieku akauliza.

"Mmoja na nusu," akasema Bi Mwanahawa. "Mama yake maziwa yamekauka."

Nasieku aliacha kumkamua ng'ombe aliyekuwa naye, akamwendea mwingine mweupe aliyekuwa na ndama mdogo, akamsukuma ndama pembeni kwa goti, akakamua kwenye kibuyu kidogo. Ndama alirudi, akamsukuma tena. Alinipa kibuyu.

"Chemsha. Tia maji nusu," akaniambia. "Kesho njoo mapema, ng'ombe hajaenda malisho."

Nilikwenda kesho yake, na kesho kutwa, na kila asubuhi kwa miezi yote ya kiangazi kile. Kila nilipofika niliinamisha kichwa nikapewa baraka yangu, nikapewa kibuyu, nikarudi nikitembea polepole maziwa yasimwagike. Siku ya tatu kuhara kukaacha. Baada ya wiki mbili Zakaria alianza kulia kwa sauti kamili, na Mama alimsikiliza akilia kana kwamba anasikiliza kwaya. Mama mwenyewe alipata nafuu, akaja siku moja kumwona Nasieku. Wakakaa pamoja kivulini mwa nyumba ya Nasieku bila maneno mengi, maana maneno waliyokuwa nayo wote wawili yalikuwa machache. Mama alimpelekea chumvi na mboga. Nasieku alipokea chumvi, mboga akacheka akasema hawali majani.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Ng'ombe walikuwa wanatoka mbavu. Asubuhi moja nilipofika sikumwona yule ndama mdogo. Nikamuuliza Nasieku yuko wapi.

"Amekufa," akasema.

"Kwa nini?"

Akaonyesha juu. "Jua."

Nilichukua kibuyu nikaenda zangu. Nilikuwa mtoto, niliamini ni jua. Nilikuwa mama wa watoto wawili tayari, nimekaa jikoni nachambua mchele, ndipo siku moja bila sababu nilimwona tena yule ndama akisukumwa kwa goti, asubuhi baada ya asubuhi, nikaelewa Zakaria alikunywa maziwa ya nani. Niliweka ungo chini. Nasieku alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa na ndama mmoja jike katika mwaka wa njaa, akamhesabu, akamhesabu na mtoto wa mwanamke asiyemjua, akaamua. Halafu akaniambia ni jua, nisibebe mzigo usio wa umri wangu.

Sasa nisikilizeni kilichotokea kanisani.

Kanisa letu lilikuwa kibanda cha nyasi kisicho na kuta. Jumapili moja mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Mwinjilisti Eliya alimchukua Zakaria mikononi mwa Mama, akamwinua juu watu wamwone. Alikuwa amenenepa, na mikono yake ilikuwa na mikunjo. Mwinjilisti akahubiri kwamba mtoto huyu alikuwa wa kufa, na Mungu amemlisha kwa njia asizozijua mwanadamu, kama alivyowatuma ndege kumlisha nabii wa zamani jangwani. Watu wakasema amina. Wakaimba.

Nilisubiri amtaje. Nilikuwa nimekaa mbele kwa makusudi, nikidhani sasa atasema, na nilitaka kuwa karibu akisema. Hakusema. Nikamgeukia Mama nikamwambia, nadhani kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Njia asizozijua mwanadamu ni zipi? Mimi naijua. Ni kule kwenye korongo."

Mama alinibana paja. Wanawake wawili wa nyuma wakaguna. Mwinjilisti alinisikia, nina hakika alinisikia, kwa sababu aliacha kidogo halafu akaendelea na ndege wake. Kwa hiyo hasira yangu ilianzia pale, nikiwa na miaka tisa, kwenye benchi la fito. Nilikuwa nimekosana na kanisa lote peke yangu. Nilikuwa nimemwona Mungu akitutunza, nilimwona kwa macho yangu kila asubuhi, alikuwa na mikono yenye harufu ya moshi, na watu waliokuwa wanamshukuru walikuwa wanamfanya ndege.

Baba alirudi kutoka Ruaha msimu wa miwa ulipokwisha. Alimkuta mwanawe anatambaa. Alisimulia kwa kila aliyekuja kwamba Mungu ni mkubwa. Mama alimwambia mambo ya Nasieku, naye Baba akasema tutampelekea asante, akasahau.

Masika ikafika, na shamba la ujamaa la kijiji likaota mahindi mazuri. Ng'ombe wa wale Wamasai wakaingia humo siku moja wakala mistari mingi. Hilo lilikuwa kosa na sikatai. Mume wa Nasieku alikuja mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, akatoa ng'ombe dume wa fidia; yule dume akapokelewa, akachinjwa, watu wakala. Nilidhani yamekwisha. Wiki iliyofuata ukaitishwa mkutano, na mwenyekiti akasema wafugaji wahame ng'ambo ya kinamasi, mwendo wa nusu siku, na visima vya kijiji wasivitumie tena. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Mwinjilisti Eliya alikuwa mjumbe wa kamati. Mwenyekiti akamtazama yeye kama msemaji wa Wakristo.

Mwinjilisti akasimama. Akasema ni jambo la kusikitisha, lakini amri ni ya faida ya wote. Akasema, na maneno haya ninayakumbuka hivihivi, "Mungu atawatunza huko waendako."

Akakaa.

Mama alikuwa amekaa chini upande wa wanawake, Zakaria mgongoni. Akainuka. Baba alikuwa mbali, alinyoosha mkono kama wa kumzuia, haukumfikia. Mama hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Mwinjilisti," akasema, "maneno hayo uliyasema kwangu. Mtoto wangu alipokuwa anakufa ulipiga magoti ukaniambia Mungu atamtunza, ukapanda baiskeli. Sikukulaumu. Na kweli Mungu alimtunza. Alitafuta mkono, akaupata kwa mama yule wa ng'ambo ya korongo, ambaye hata hajui kusoma jina lake. Leo Mungu huyohuyo anataka kumtunza yule mama. Anatafuta mkono. Na mkono anaoutafuta ni wako, Mwinjilisti, na umeuweka mfukoni."

Kweli mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni. Aliutoa.

Mwenyekiti akasema, "Mama Tabitha, kaa chini. Hapa hatuzungumzii dini."

Mama hakukaa. Bi Mwanahawa akainuka akasimama kando yake, ameshika kiuno. Walikuwa wawili. Niliwahesabu wanaume waliokula nyama ya yule dume wiki iliyopita, niliwajua kwa sura, na wote waliangalia miguu yao. Mkutano ukafungwa, na mambo yakabaki yalivyoamuliwa.

Walihama kabla ya wiki kwisha. Mimi na Mama tulikwenda kuwasaidia kufunga. Nasieku alikuwa anabomoa nyumba yake mwenyewe, anachomoa fito moja moja na kuzipanga juu ya punda. Nilimwangalia nikakumbuka wale vijana juu ya paa letu, nikajiuliza tofauti ni nini, na sikuiona. Sisi tulihamishwa tukaumia, na miezi michache baadaye tukahamisha. Sikupata hata mtu mmoja aliyeona aibu kwa hilo, na ndiyo maana harufu ya kile kibuyu hunikasirisha mpaka leo.

Tulipovuna, ikatangazwa Jumapili ya sadaka ya mavuno. Kila nyumba ilipeleka kikapu chake kanisani. Sisi hatukupeleka. Jumamosi yake Mama alijitwika debe la mahindi, mimi nikabeba maboga, Zakaria mgongoni kwa Mama, tukatembea nusu siku mpaka boma jipya. Nasieku aliponiona alicheka, akaniwekea mkono utosini. Tulilala huko, na Jumapili ile ya mavuno tulikuwa njiani tunarudi.

Jumatatu Mwinjilisti akaja nyumbani. Akakaribishwa kigoda. Aliweka kofia magotini.

"Mama Tabitha, sikuwaona jana. Wala sadaka yenu sikuiona."

"Sadaka tulitoa," Mama akasema. "Tuliipeleka wenyewe."

"Kwa nani?"

"Unamjua."

Alizungusha kofia. Nilikuwa natwanga, niliacha kutwanga nisikie. Nilitaka amkaripie Mama, ili nipate sababu ya kumchukia kwa raha. Hakumkaripia. Akauliza, "Mtu akitaka kufika huko anapita wapi?"

"Tabitha anapajua," Mama akasema.

Baada ya siku mbili alikuja mapema, ana kiroba cha mchele begani, mchele wa shamba lake. Baiskeli hakuja nayo. Mama akaniambia nimsindikize nje ya kijiji nikamwonyeshe. Nilitangulia bila kumsemesha. Tulifika penye kichuguu, njia inapogawanyika. Ya kushoto inazunguka kinamasi mpaka kwenye boma. Ya kulia inakwenda kinamasini, nayo kiangazi huonekana nzuri zaidi kuliko ya kushoto, mpaka umefika katikati ya matete.

"Ipi?" akaniuliza.

Nikanyoosha mkono kulia.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akaenda.

Nawaambieni kweli, nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nilijiambia namlipia Nasieku. Alasiri akarudi, matope mpaka kifuani, kiatu kimoja hana, na kile kiroba kimelowa kinachuruzika. Watoto walimfuata wakicheka. Mama akatoka mlangoni.

"Baba Mwinjilisti, kumetokea nini?"

Aliniangalia mimi, si Mama. Nilikuwa nimesimama na mchi mkononi. Akasema, "Nilipotea njia, Mama Tabitha. Tabitha alinionyesha vizuri, mimi ndiye sikusikia sawasawa."

Akapita. Furaha yangu yote ikaishia pale. Nilikuwa tayari kwa fimbo; kwa lile jibu sikuwa tayari. Nilikasirika kuliko siku nyingine zote. Nilimkasirikia kwa kunifunika, maana mtu uliyeamua kumchukia hana haki ya kukufanyia wema. Sikula ugali jioni ile. Nilimwona akilini mwangu Nasieku amekaa bomani, na kwa mara ya kwanza mtu wa kanisa alikuwa amejitwika mchele kumwendea, na aliyemzuia asifike si mwenyekiti wala kamati. Nilikuwa mimi.

Asubuhi nilikwenda kwake peke yangu. Alikuwa ameanika mchele kwenye mkeka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikasema, "Nilikuonyesha vibaya makusudi."

"Nilijua nilipofika kwenye matete," akasema.

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

"Ungepigwa." Alikuwa anageuza mchele kwa kiganja. "Na mimi nimeshanyamaza mahali pabaya zaidi ya hapo. Unakumbuka."

Nikasema nakumbuka. Sikumpunguzia.

"Jumamosi utanipeleka?" akauliza.

Tulikwenda Jumamosi, mimi, yeye na Mama. Mwinjilisti alijitwika kile kiroba cha mchele. Sikuwa nimemsamehe, na safari ile haikuwarudisha wale watu kwenye visima. Hawakurudi kamwe. Nasieku alitupokea vilevile alivyonipokea siku ya kwanza, hakuuliza tumekujaje wala kwa nini wengine hawaji. Alipokea mchele, akaingia ndani, akatoka na maziwa ya moto kwenye vikombe vya bati. Mwinjilisti alikishika chake kwa mikono miwili, akaomba ruhusa ya kushukuru kabla ya kunywa. Tukafumba macho. Alimshukuru Mungu kwa safari, akamshukuru kwa maziwa, akamshukuru kwa mtoto Zakaria kuwa hai. Akasema, "Na umbariki mama huyu," kisha akakwama. Nikafumbua jicho. Alikuwa ameniinamia, na jasho linamtoka usoni.

"Tabitha," akaninong'oneza, "anaitwa nani?"

Karibu mwaka mzima nilikuwa namchukia kwa kutolitaja jina lile. Kumbe hakuwa nalo. Hakuna mtu wa kanisani aliyewahi kumuuliza yule mama, wala hakuna aliyewahi kutuuliza sisi.

"Nasieku," nikamjibu, na sikunong'ona.

Nasieku, ambaye hakuwa amefumba macho kwa sababu hakuna aliyemwambia afumbe, akadhani anaitwa. Akaweka chini kibuyu alichokuwa nacho, akatusogelea.

"Nipo," akasema.